Pini ya Kushoto

Mume wangu hanoi kisu kabla ya kukisalimia. Atakishika, atakigeuzageuza, atapitisha kidole gumba ubavuni, halafu atakiuliza, "Haya bwana, nani amekutesa hivi?" Mwenye kisu akicheka, kazi imeanza. Asipocheka, anaulizwa tena kwa sauti ya juu zaidi mpaka acheke.

Mtaa mzima unamwita Makali. Mimi namwita Baba Pacha nikiwa na furaha na "wewe mzee" nikiwa nimekasirika, kwa hiyo anaitwa "wewe mzee" mara nyingi zaidi. Mimi ni fundi wa nguo, nashonea hapa hapa sebuleni, na nakiri mbele ya watu kwamba mdomo wangu hauna breki. Yeye ni mpole. Tumeishi hivyo miaka thelathini na moja, na hakuna aliyekufa.

Kazi yake anaifanyia juu ya baiskeli. Si kwamba anakwenda nayo kazini tu, la, baiskeli yenyewe ndiyo kazi. Akifika mahali anashusha stendi ya chuma, gurudumu la nyuma linabaki hewani, anavuta mkanda kutoka kwenye gurudumu hilo hadi kwenye jiwe la kunolea lililofungwa mbele ya tandiko, halafu anakaa na kukanyaga pedeli kama mtu aliye safarini. Haendi popote. Jiwe linazunguka, cheche zinaruka, na yeye anapiga soga. Mwenye bucha, kinyozi, wapishi wa hoteli ya pale kona, mafundi nguo wenzangu, wote hao mikasi na visu vyao havijui mkono mwingine.

Tatizo lilikuwa pini. Baiskeli za siku hizi, mkono wa pedeli unaingia kwenye ekseli yenye ncha ya mraba, unakazwa na nati, mambo yamekwisha. Yake ni ya zamani. Ekseli ni ya mviringo, na kila mkono wa pedeli unashikwa na pini moja ya chuma, nene kama kidole cha mwisho, iliyochongwa upande mmoja ikawa bapa. Unaigonga kwa nyundo, inabana. Ikilika, mkono unacheza, na kila ukikanyaga unasikia kok, kok, kok mpaka meno yanauma. Na madukani pini hizo hazipo tena. Ukiziulizia, muuzaji anakutazama kama umeulizia bei ya bibi yake.

Basi Makali akawa anachonga zake mwenyewe. Boliti ikilala ovyo nyumbani kwangu haifiki Jumapili. Alichukua boliti ya mlango wa choo, tukawa tunaimba humo ndani ili watu wajue pana mtu. Akachukua ya kitanda. Siku moja nilimkuta amelala chali chini ya cherehani yangu, spana mkononi, macho juu, anachagua.

"Wewe mzee," nikamwambia, "ukigusa hapo leo utanoa vidole vyako."

Akatoka huko chini anacheka, mavumbi mgongo mzima.

Kuchonga kwenyewe kulikuwa kituko. Anakaa mlangoni na jiriwa la kubania chuma na tupa ya kukisugulia. Pini ya kulia anaimaliza kwa dakika kumi, huku anasalimia wapita njia. Ya kushoto inamla asubuhi nzima. Anachonga, anaipachika, anapanda, anakanyaga, anashuka, anachonga tena. Mimi nilidhani ni uzee, nikamwonea huruma kidogo, nikaendelea na pindo zangu.

Mwezi uliopita pini hiyo ya kushoto ikachomoka katikati ya barabara ya sokoni. Mkono wa pedeli ukaning'inia, na Makali akaenda chini na visu saba vya bucha ndani ya kapu la mbele. Hakuna kilichomgusa, lakini alirudi na kiwiko kimechubuka na suruali imepasuka, na suruali hiyo niliishona mimi. Hapo nikasema basi, imetosha, nimevumilia vya kutosha. Alipokwenda kumjulia hali kaka yake kwa siku tatu, hata kona hajaikata, mimi nishaikamata baiskeli na kuisukuma hadi kwa Gololi.

Gololi ndiye fundi baiskeli wetu. Ameitwa hivyo kwa sababu kila ukimkuta yuko chini anatafuta gololi iliyomdondoka. Nikamwambia, "Toa takataka zote hizi za zamani. Ekseli mpya, mikono mipya, gololi mpya kama utaziona. Nataka akirudi akute baiskeli ya watu."

Akazigonga pini zikatoka. Akaziweka kiganjani, akazitazama, akanitazama.

"Mama Pacha, nani aliziweka hizi?"

"Mwenyewe."

"Makali? Huyu huyu anayetunolea?" Akaanza kucheka taratibu. "Hebu njoo uone. Pini moja inatakiwa kuingia kutoka mbele na nyingine kutoka nyuma. Yeye zote kaziingiza upande mmoja. Halafu hii ya kushoto kaichonga kupita kiasi, imekwenda chini kabisa. Mikono ya pedeli inatakiwa ikae kama mishale ya saa kumi na mbili kamili, huu juu, huu chini. Yake ilikuwa imepinda. Wa kushoto unatangulia."

"Kwa hiyo baiskeli yangu inachechemea?"

"Inachechemea miaka yote, mama!"

Tukacheka mpaka mbavu zikauma. Mnoaji hodari kuliko wote mtaani, hajui hata kuweka pini! Gololi akazitupa zile pini kwenye kopo la chuma chakavu, akafunga vitu vipya, akazungusha pedeli kwa kidole kimoja. Kimya. Hakuna kok, hakuna chochote. Nikarudi nyumbani nimevimba kichwa.

Makali aliporudi nilimziba macho kwa mikono yangu, mtu mzima mimi, nikampeleka hadi uani. Akatazama pedeli kwa muda mrefu.

"Pini ziko wapi?"

"Zimekwenda na chuma chakavu. Umestaafu kazi ya kuvunja nyumba yangu."

Akashika mkono wa kushoto wa pedeli, akauzungusha, ukarudi pale pale. "Asante, mama," akasema. Nilisikia asante tu. Mengine hayakunifikia.

Kesho yake akaanza na mkasi wangu mkubwa wa kukatia suti, heshima kwa mwenye zawadi. Nikasimama kando na kikombe changu cha chai, nijionee raha. Akakanyaga. Jiwe likaenda vizuri, likasita, likaenda, likasita. Kila likisita mwili wake unaruka kidogo na mkono unakwenda na mwili. Alipoutoa mkasi, makali yalikuwa na kibonde unamoweza kulaza mbegu ya tikiti.

"Baiskeli bado ngeni," akasema.

"Itazoea," nikasema, na roho ilikuwa inaniuma kwa mkasi wangu.

Haikuzoea. Siku hiyo aliharibu kisu kirefu cha bucha. Siku ya pili mkasi wa kinyozi ukaanza kung'oa nywele badala ya kukata, na mteja mmoja akatoka kwenye kiti na shuka shingoni, anapiga kelele hadi barabarani. Mpishi wa hoteli alimrudishia visu vyake bila neno, na mpishi huyo ni mtu wa maneno. Makali akawa anarudi na macho chini. Akaacha hata kuvisalimia visu.

Jumatano alirudi saa sita mchana, akanawa mikono hadi kwenye viwiko, akakaa.

"Nimeacha," akasema.

"Umeacha nini? Sigara huvuti."

"Kunoa. Mkono umekwisha, mama. Yule bwana wa mtaa wa pili, anayeuza visu, atakuja Jumamosi kulichukua jiwe."

Nikaweka nguo chini. Sikuwahi kumwona mume wangu amekaa hivyo, mikono imelala mapajani kana kwamba si yake. Huyu ni mtu ambaye tukienda kwenye harusi za watu anaondoka na visu vya jikoni mfukoni, arudi navyo kesho vimenolewa, hakuna aliyemwomba. Hebu niambie, asiponoa atafanya nini? Atakaa sebuleni anitazame nikishona? Tungeuana. Na kubwa zaidi, nilijua ni mimi. Kabla sijaipeleka baiskeli kwa Gololi alikuwa Makali. Sasa ni mzee mmoja amekaa kwenye kiti. Nilipata hofu, sikufichi, hofu ya kweli.

Alhamisi asubuhi nikamkuta uani anaifuta baiskeli kama mtu anayeiaga. Nikasema, "Nipishe, nipande."

"Upande wapi na gauni?"

"Gauni langu, nitajua nalifanyaje." Nikalikusanya, nikalifunga fundo pembeni, nikapanda. Miguu yangu imekanyaga cherehani tangu nilipokuwa msichana. Kukanyaga ndicho kitu pekee ambacho siwezi kukosea hata nikisinzia. Nikakanyaga. Jiwe likazunguka moja kwa moja, laini, halisiti hata mara moja. "Haya," nikamwambia, "utasimama hapo mbele kama sanamu? Lete kisu."

Akaleta kisu cha jikoni. Akakilaza kwenye jiwe, na nikaiona mikono yake. Haikuwa imekwisha. Haikuwa hata imechoka. Kisu kilikwenda na kurudi kama anapaka siagi, na alipokimaliza akanyofoa karatasi yangu ya ruwaza, ile ya kukatia nguo, akaipasua hewani, shwaa, bila kuishika upande wa pili.

"Hiyo ilikuwa kola ya mteja," nikasema.

"Samahani."

"Samahani nini! Mkono upo, mzee! Mkono upo!" Nilikuwa napiga kelele mpaka jirani akachungulia dirishani. Halafu nikanyamaza, maana nilikuwa nimeanza kufikiri, jambo ninalolifanya mara chache nikiwa napiga kelele. Baiskeli nzima. Jiwe zima. Mikono mizima. Kimebaki nini?

"Panda wewe," nikamwambia. "Usinoe. Kanyaga tu."

Hakutaka. Akasema jua kali, akasema mnyororo unahitaji mafuta. Nikamkazia macho, akapanda shingo upande. Nikakaa kwenye ndoo iliyogeuzwa, nikamtazama kama namtazama mteja anayejaribisha suti, kuanzia mabegani kushuka. Mabega sawa. Mgongo sawa. Kiuno hakikuwa sawa. Kila mguu wa kushoto ulipofika juu, kiuno kilinyanyuka upande huo, mwili mzima ukaruka, halafu ukashuka. Goti halikuwa linakunjika. Lilifika mahali likagoma, na yeye akawa analinyanyulia nyonga ili lipite.

"Goti," nikasema.

Akaacha kukanyaga. "La zamani hilo."

"La zamani tangu lini?"

"Zamani tu." Akashuka. "Pini ile nilikuwa naichonga ili mguu wa kushoto utangulie. Ukifika juu, wa kulia bado unakanyaga, una nguvu, unausukuma mwenzake uvuke. Hizi mpya ukifika huu juu, ule uko chini kabisa, hakuna wa kusaidia."

Nikakumbuka mimi na Gololi tulivyocheka, nikatamani ardhi inimeze na yeye pamoja na gololi zake.

Ijumaa tulifika kwa Gololi kabla hajafungua. Nilimweleza yote kwa pumzi moja. Uso ukamshuka. "Mzee wangu," akamwambia Makali, "mimi nilidhani umekosea."

"Kila mtu angedhani."

"Zile za mviringo unaweza kuzidanganya kwa tupa. Huu mraba haudanganyiki. Una pembe nne, ukae hapa au ukae pale." Akakuna kichwa. Akazunguka baiskeli. Akazungusha pedeli ya kushoto hadi juu, akapima kwa mkono kutoka pedeli hadi tandiko. "Goti lilipatwa na nini kwani?"

"Ngazi," akasema Makali, akageuka kutazama matairi ukutani.

Gololi alikuwa ameshapotelea ndani ya kibanda. Tukasikia vyuma vikianguka, gololi zikikimbia sakafuni, matusi madogo madogo. Akatoka na mkono wa pedeli mfupi, mwekundu, umetoka kwenye baiskeli ya mtoto. "Tundu ni lile lile la mraba," akasema. "Huu hauendi juu sana. Na goti halitaitwa juu sana."

Akautia kushoto, akakaza nati. Kulia mkono mrefu unaong'aa, kushoto kifupi chekundu. Baiskeli ilionekana kama imeoa mtoto wa shule, na nilisema hivyo, maana siwezi kujizuia. Makali akapanda. Akakanyaga mara moja, akasimama, akanitazama. Akakanyaga tena, na hakusimama. Kiuno kilitulia. Mguu ulipita juu kimya, ukashuka, ukapita tena. Gololi akakimbilia ndani kuleta panga lake butu la kufyekea, na Makali akalishika, akaligeuza, akasema, "Haya bwana, nani amekutesa hivi?" Mimi na Gololi tulicheka kuliko ilivyostahili.

Jumamosi yule muuza visu akaja na mkokoteni kubeba jiwe. Akaondoka na mkokoteni mtupu na visu kumi na viwili vilivyonolewa, anachekelea, ameahidi kuleta vingine Jumatatu. Mwenye bucha naye alikuwa ameshasikia, habari huku hazihitaji miguu, akamtuma mtu na furushi zima.

Mchana nikatoka uani. Makali alikuwa anafuta jiwe kwa kitambaa. Usiku kucha neno moja lilikuwa limenikaa kichwani kama sindano iliyovunjikia kwenye kitambaa.

"Ngazi gani?" nikamuuliza.

"Ngazi zipi?"

"Usinizungushe. Sisi nyumba ya ngazi tumekaa moja tu. Kile chumba cha ghorofa ya tatu, mwaka ule wa kwanza. Na ngazi zile hukupanda na mzigo ila siku moja."

Akaendelea kufuta.

"Siku uliyoniletea cherehani. Uliibeba begani. Ukaniambia umeteleza kidogo."

"Mimi niliteleza kidogo," akasema. "Yenyewe ikanikalia sana."

"Ukachechemea wiki mbili ukasema ni viatu vipya!"

"Viatu vilikuwa vipya kweli."

"Wewe mzee!" Nikapiga tandiko kwa kiganja. "Miaka thelathini na moja. Mimi nakaa pale nakanyaga, nakanyaga, na wewe huku nje unachonga boliti za choo. Kwa nini hukuniambia?"

Akakunja kitambaa chake mara mbili.

"Ungeiuza," akasema.

Nilifungua mdomo kubisha, ndiyo kazi yangu. Lakini ningeiuza. Ningeiuza siku ile ile, kwa mtu wa kwanza kupita pale chini, nimpeleke mume wangu hospitali, wala nisingejuta, nilivyokuwa nampenda. Na sijui leo ningekuwa nani. Pacha wetu wote wawili wamesomeshwa na mashine ile. Nililia pale uani, kwa sauti, na jirani akachungulia tena.

Makali akaja, akanisimamia karibu, hajui mikono yake aiweke wapi, imejaa mafuta.

"Nenda kanawe," nikamwambia, "halafu uje ndani nikupime."

"Unipime nini? Vipimo vyangu unavijua."

"Nilikuwa sivijui. Miaka yote nakukatia suruali miguu sawa sawa. Njoo, wa kushoto niutolee nafasi gotini."